Magauni tisa, mavazi matatu: uchambuzi wa malengo ya miaka miwili katika mtindo wa Lolita

## Kisa ni cha nani

Ninayemwandika nitamwita Z. Mji anaoishi Uingereza siutaji, wala gauni lililozua haya yote silitaji kwa chapa au kwa mchoro wake, maana wenye mtindo huu wangelitambua, na mwenyewe wangemtambua pamoja nalo. Viwango vya fedha nimevisogeza kwa pauni chache. Rasimu ameisoma. Alifuta mistari miwili, kisha akaniambia, "Iliyobaki iache, shoga. Atakayesoma asije akalia nilivyolia mimi."

Na mimi nimo ndani ya kisa. Orodha yake ya kwanza ya malengo niliisoma nikaisifu, na ushauri wa mwaka wa pili ulitoka kwangu. Panapostahili lawama yangu nitapasema.

## Usuli

Lolita ni mtindo wa mavazi uliozaliwa Japani, na mtaa wake hasa ni Harajuku, Tokyo. Duka la MILK lilifunguliwa hapo 1970. Baada yake zikaja chapa ambazo mpaka leo ndizo zinazotajwa kwanza: Baby, The Stars Shine Bright ya 1988, Metamorphose temps de fille ya 1993, Moi-même-Moitié ya mwanamuziki Mana, 1999. Unaitambua nguo kwa umbo lake: kiuno kimebana, sketi imefura mfano wa kengele hadi magotini au chini yake, na kinachoifurisha ni gagulo la neti au la shifoni ndani. Juu kuna blauzi ya kola ya duara, chini soksi ndefu na viatu vya ncha ya mviringo, kichwani fundo kubwa la utepe au boneti, kofia ya kufungwa kwa utepe kidevuni. Wako wanaopenda rangi za peremende, wako wa kigothi wanaovaa nyeusi, na wako wa klasiki, wa maua madogo na rangi za chai. Z. ni wa klasiki.

Jina linawatia watu wasiwasi kwa sababu kuna riwaya inayoitwa hivyo, ya mwanamume anayemtamani msichana mdogo. Wavaaji hawana shughuli na maana ile. Nguo hizi zinasitiri, na anayezivaa huzivaa kwa kuyafurahisha macho yake mwenyewe. Kwa mwanamke wa Pwani aliyelelewa Mombasa, mwenye mtandio kichwani kila siku, hilo lilikuwa mlango. Wenzake wengi huvaa wigi. Yeye huchagua mtandio wa rangi ya gauni, boneti ikakaa juu yake kana kwamba ilikatwa kwa ajili hiyo. Mama yake alipoona picha ya kwanza aliuliza, "Mwanangu, hii ni ya kwenda kupamba kwa nani?" Hakuwa na neno baya. Mama ni fundi cherehani, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye marinda.

Z. analea wazee katika nyumba ya kutunzia, zamu za saa 12, nyingi za usiku. Alipenda sana kujua kwamba Misako Aoki, ambaye mwaka 2009 Wizara ya Mambo ya Nje ya Japani ilimteua kuwa mmoja wa mabalozi watatu wa mitindo ya kawaii, yaani ya kupendeza kitoto, alikuwa muuguzi. "Kama yeye aliweza na zamu zake," alikuwa akisema.

Alianza 2019. Kufika mwisho wa 2022 alikuwa na magauni saba, blauzi mbili (moja ya mikono mifupi, ambayo hakuweza kuivaa bila kitu cha kujistiri ndani), gagulo moja lililokwisha kulala, na viatu jozi moja vilivyombana vidole. Mwaka huo wote alivaa mara nne. Alitumia pauni 1,140.

## Malengo ya Januari 2023

Aliyaandika asubuhi ya mwaka mpya akitoka zamu. Kulipata gauni la ndoto kabla ya Desemba. Kuvaa mara mbili kila mwezi, jumla 24. Kutonunua kitu kingine mwaka mzima. Kujifunza kushona sketi. Kuhudhuria karamu moja kubwa ya chai.

Kila lengo lilikuwa na sababu yake. Zile mara nne zilimuuma, kwa hiyo 24. Pauni 1,140 zilimtisha, kwa hiyo marufuku. Sketi ilikuwa njia ya kumkaribia mama yake kwa mbali. Karamu ya chai alikuwa ameiona kwa wengine tu.

Gauni la ndoto linataka maelezo zaidi. Chapa za Japani hutoa magauni yenye mchoro maalumu kwa idadi ndogo. Yakiisha, mara nyingi hayarudi. Anayelitaka baada ya hapo anabaki kumngojea mtu mwingine, pengine Osaka, pengine Texas, achoke na lake aliuze. Siku hiyo haijulikani. Z. alikuwa amelipenda lake tangu mwanzo, na hapo ndipo alipoandika tarehe ya mwisho juu ya jambo lililo mikononi mwa mtu asiyemjua.

Mimi nilimjibu: "Mashallah, orodha imetimia." Sikuuliza hata swali moja.

## Mwaka ulivyokwenda

Januari na Februari alivaa mara nne, sawasawa na mpango. Mara ya nne alibadilisha nguo kazini alfajiri, akaenda mkahawani macho yamevimba, akakaa dakika 40 peke yake, akarudi kulala. Kwenye daftari iliandikwa 4/24, na kwa hesabu ile siku hiyo ilikuwa sawa na nyingine zote.

Machi tarehe 23 Ramadhani ikaanza. Hakuna aliyekuwa amelifikiria hilo, yeye wala mimi, na mkusanyiko wa Lolita karibu kila mara ni chai na keki alasiri. Kufika mwisho wa Aprili alikuwa na mara tano. Mei akajaribu kulipa deni: alivaa mara tatu katika wiki moja, nyumbani, akapiga picha, akavua.

Marufuku ya kununua ilivunjika Machi hiyohiyo. Chapa moja ya China ilifungua oda ya awali: unalipa arubuni, nguo inashonwa, salio unadaiwa ikiwa tayari. Alijiambia kwamba kuweka nafasi si kununua. Salio likaitishwa Juni, wiki ileile ndugu yake alipompigia simu kuhusu karo ya mtoto. Alilipa yote mawili, moja kwa kadi ya mkopo.

Halafu Agosti gauni la ndoto likatokea.

Lilikuwa katika duka la mitumba la Japani, yeni 38,000. Yeni ilikuwa imeshuka thamani, na kwa kiwango cha siku zile hiyo ilikuwa kama pauni 207. Alikuwa kwenye mapumziko ya zamu, saa tisa usiku. Alinunua kwa kadi ndani ya dakika kumi kwa kupitia wakala, kwa kuwa duka lile halitumi mizigo nje. Wakala na usafirishaji vikaongeza pauni 30. Mzigo wenye bidhaa za zaidi ya pauni 135 unaoingia Uingereza hudaiwa ushuru wa forodha, ambao kwa nguo kwa kawaida ni asilimia 12, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 20 juu ya jumla, kisha ada ya msafirishaji. Gauni la 207 likamfikia kwa karibu 330.

Lilifika likiwa zuri kuliko picha. Halikufungika. Magauni mengi ya aina hii hushonwa safu za lastiki mgongoni ili yanyumbuke. Hili halikuwa nazo, na kipimo chake cha kifua kilikuwa sentimita 92. Chake yeye ni 98. Namba hiyo ilikuwa imeandikwa chini ya picha, kama maduka ya Japani yanavyofanya. Hakuisoma. Huyu ni mtoto aliyekulia kwenye mitumba ya Kongowea, soko la Mombasa, ambako hununui sketi kabla hujazungusha kiuno chake shingoni kuona kama ncha zinakutana. Alinunua gauni la pauni 330 kwa macho tu, kwa sababu usiku ule hakuwa akinunua nguo. Alikuwa akitimiza lengo.

Na kwenye daftari aliliwekea alama ya tiki. Alinionyesha baadaye: tiki moja ya wino wa buluu mbele ya lengo la kwanza, na chini yake hakuna kitu. Mwaka mzima lile ndilo lengo pekee lililotimia.

## Kikao cha sakafuni

Septemba alikuja kwangu na masanduku mawili. Tulitandika shuka sakafuni, tukatoa kila kitu, tukaanza kazi ambayo ingefaa kufanywa kabla ya lengo lolote kuandikwa. Kwa kila gauni nilimuuliza swali moja: ukitakiwa utoke nalo sasa hivi, unalivaa na nini? Lazima alionyeshe, asilieleze. Blauzi ipi, gagulo lipi, soksi zipi, mtandio upi, viatu vipi.

Ilichukua saa nne. Magauni yalikuwa tisa, pamoja na lile la oda na lile la ndoto. Yaliyoweza kutoka mlangoni yamekamilika yalikuwa matatu. Yaliyobaki yalikwama mahali palepale: hakuna blauzi ya mikono mirefu ya rangi ya maziwa, na gagulo halina nguvu ya kuinua sketi nzito.

Nikamuuliza tena, katika siku zote alizovaa mwaka ule, ipi angependa irudi. Nilidhani atataja siku ya picha nzuri. Alitaja Jumapili moja ya Februari, bustanini, na wenzake wawili, gauni la zamani kuliko yote, upepo mkali, hakuna picha hata moja iliyotoka vizuri.

Gauni la ndoto aliliuza Novemba kwa pauni 190. Alilifunga mwenyewe kwa karatasi laini, na aliyelinunua alimwandikia kwamba limemkaa vizuri. Alilia tena, akaniambia angalau liko mwilini mwa mtu.

## Maamuzi ya 2024 na sababu zake

Msingi ulitangulia. Kabla ya gauni lolote, blauzi mbili za mikono mirefu, viatu vinavyovalika saa nne bila maumivu, soksi za rangi tupu. Blauzi moja nzuri ya rangi ya maziwa hufungua magauni manne. Gauni jipya hujifungua lenyewe tu, nalo likikosa blauzi halijifungui.

Siku za kuvaa tuliziondoa kwenye kalenda ya mwaka, tukaziweka kwenye ratiba ya zamu. Ratiba yake hutolewa kila wiki nne. Siku inapotoka, Z. anatafuta siku ya pili baada ya zamu ya mwisho ya usiku (ya kwanza ni ya usingizi) na kuizungushia duara. Lengo likawa mara 12. Ramadhani, iliyoanza Machi 11, haikupewa duara, na Idd ikapewa.

Fedha za gauni la ndoto ziligeuka mfuko: pauni 25 kila mwezi katika akaunti ya pembeni, bila tarehe ya kununua. Kwenye pochi yake kuna kadi yenye vipimo vyake vya kifua, kiuno na mabega, vilivyopimwa juu ya blauzi, na sharti moja: gauni liwe na walau sentimita nne zaidi ya kifua chake, au liwe na lastiki mgongoni. Kadi inasomwa kabla ya picha kutazamwa mara ya pili.

Kushona ndiko nilikokuona kukibadilika kwa uzuri zaidi. Badala ya sketi aliamua kushona gagulo. Gagulo halionekani, kwa hiyo mshono uliopinda haumtii mtu aibu, na linaingia chini ya kila gauni alilonalo. Mama yake alimfundisha kwa simu, kamera imeegemezwa kwenye mkebe wa biskuti. Ngazi ya juu mita 1.2 za neti, ya pili 2.4, ya tatu 4.8, kila moja ikikusanywa marinda mpaka itoshe iliyo juu yake. Z. alianza kwa kupitisha uzi mmoja na kuuvuta. Ukakatika karibu na mwisho, mita 4.8 zikafumuka zote.

"Marinda hayavutwi kwa uzi mmoja, mwanangu," mama akasema. "Pitisha nyuzi mbili sambamba, uzivute pamoja, polepole. Ukikatika mmoja, wa pili umeshika."

Akamwambia pia atie bitana ya pamba nyembamba ndani, neti isimkwaruze mapaja. Kazi ilichukua Jumapili tano. Z. anasema katika miaka yake ya Uingereza hawajawahi kuzungumza saa nyingi hivyo.

La mwisho lilikuwa wazo langu: gauni moja likiingia, moja litoke.

## Matokeo

Mwaka 2024 alivaa mara 11. Idd ya Aprili 10 alivaa gauni la kijani la maua madogo, na watoto wa msikitini wakataka kugusa boneti. Juni 1, Jumamosi ya kwanza ya mwezi, ambayo wavaaji wa nchi nyingi huiadhimisha kama siku ya Lolita (nyingine huwa Jumamosi ya kwanza ya Desemba), tulikuwa kumi na mmoja bustanini. Oktoba haikupatikana, mwenzake aliugua, akamshikia zamu. Hakuifidia, na mimi sikumwambia aifidie.

Kwa msingi alitumia pauni 310. Mfuko ulifika 300. Aliuza magauni mawili, akabaki na sita, na yote sita yanatoka mlangoni. Karamu kubwa ya chai hakwenda hata safari hii, tikiti zilimshinda bei.

## Uchambuzi

Watu wengi wangesema 24 ilishindwa kwa kuwa ni kubwa na 12 ikafaulu kwa kuwa ni ndogo. Sikubali. Hata 12 ingeshindwa kama ingeandikwa Januari juu ya kalenda tupu. Iliyofaulu ilitoka kwenye zamu zake halisi, usingizi wake halisi na mfungo wake. Hesabu ya mwaka 2023 ilimfundisha kuvaa kwa ajili ya daftari, na ndiyo maana wiki ile ya Mei, mara tatu ndani ya nyumba, ilimwacha na unyonge kuliko miezi aliyokosa kabisa.

Marufuku ya kununua ilikuwa na kasoro ambayo sikuiona mpaka tulipokaa sakafuni. Ilizuia vyote isipokuwa gauni la ndoto. Kwa hiyo blauzi ya pauni 40, ambayo kukosekana kwake kulikuwa kukizuia magauni mengine kuvaliwa, ilikatazwa, na gauni la 330 likapewa ruhusa. Marufuku ya namna hii hupiga kitu kidogo chenye faida, kwa sababu kitu kidogo hakina wa kukitetea.

Lengo la kwanza ndilo zito. Kulipata gauni lile kulitegemea mwenye kuliuza, siku ya kuliuza na bei ya yeni. Lililokuwa mikononi mwa Z. ni kuwa tayari: fedha zipo, vipimo vinajulikana, blauzi inangoja. Tamanio lilipopewa tarehe, kila mwezi uliopita ulimsukuma, na gauni lilipotokea hakuwa na nafasi ya kulikataa. Kukataa kungekuwa kushindwa. Nadhani hapa ndipo wengi wetu tunapoumia katika mtindo huu, si kwa ukosefu wa nidhamu. Z. ana nidhamu ya mtu anayekesha na wazee.

Daftari tulilibakiza, tukalibadilisha. Badala ya namba, baada ya kila siku anaandika sentensi moja kuhusu mwili: wapi palibana, wapi palisumbua. Kwa njia hiyo ndipo alipogundua kwamba magauni mawili aliyokuwa akiyasifu kila siku humkata kwapani, akayauza.

Sheria yangu ya moja kuingia, moja kutoka ilishindwa, na iliumiza. Alipopata blauzi ya pili aliuliza kama nayo inahesabiwa; sikuwa na jibu. Baadaye, Julai, alikaribia kuuza gauni lake la kwanza kabisa, lile la Jumapili ya upepo, kwa sababu tu lilikuwa la bei ndogo na sheria ilidai kitu. Mnunuzi aliahirisha, bahati nzuri. Sheria ile inaziona nguo zote sawa, nami nilimpa bila kufikiri kwa kuwa nilizoea kuisikia. Mwaka 2025 hatunayo.

Januari 2025 gauni la ndoto lilitokea tena, kutoka kwa muuzaji mwingine. Z. alisoma namba kwanza: kifua 92, lastiki hakuna. Hakununua. Alimtumia mama yake picha, akauliza kama mishono ya ubavuni inaweza kufunguliwa kupata sentimita zinazopungua. Mama akajibu kwamba kwa picha ya nje hawezi kusema. Aonyeshwe kwa ndani, aone fundi aliacha kitambaa kiasi gani kwenye mshono. Z. ameandika kumwomba muuzaji picha hiyo. Mpaka ninapomaliza kuandika, hajajibiwa.